Mwaka Niliomuuguza Bibo

Kwenye arobaini ya Baba mdogo Mussa, pale Likunja, watu walimsifu kwa mikorosho yake. Mmoja alisema hajapata kuona mtu aliyepanga miche ikanyooka mistari kama yeye. Mwingine akakumbusha kwamba hakukosa swala ya alfajiri hata msimu wa kuokota korosho, mgongo ukiwa umekataa kunyooka. Sisi wanawake tulikuwa upande wa nyuma, chini ya turubai la bluu, sufuria za pilau zimefunikwa kwa sinia na makaa juu yake, na sauti za wanaume zilitufikia vipande vipande kwa sababu ya upepo. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu, hata kwa kuteleza ulimi, aseme kwamba marehemu alikuwa na samaki. Hakuna aliyesema. Hadija, binti yake, ambaye siku hizi ni mama wa watoto wawili na ana duka la vitambaa Ruangwa mjini, aliniinamia sikioni. "Dada, ina maana Bibo hasemwi kabisa?" Ikabidi tujifunike nyuso kwa mitandio, na mama mmoja aliyekaa karibu akatupapasa mgongoni akidhani tunalia. Tulikuwa tunacheka. Baada ya hapo tukalia kweli. Niliporudi kwangu nililiandika jina hilo juu ya ukurasa mtupu, nikaona mwaka mzima umekaa ndani yake, mwaka wangu wa kumi na nane.

Kwa nini nilitolewa Ruangwa na kupelekwa Nachingwea kwa baba mdogo ni habari ndefu isiyo na utamu. Itoshe kusema kwamba matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, na yangu yalikuwa ziro. Kwetu watu walinyamaza kila nilipoingia chumbani. Nachingwea nilikuta nyumba ya vyumba vinne yenye sebule ndefu na nyembamba, na ndani ya sebule hiyo kulikuwa na makochi mawili ya vitambaa vya kufuma, kalenda ya mwaka uliopita ambayo Mama mdogo Asha alikataa kuitoa kwa sababu ya picha yake ya maua, na juu ya meza ya pembeni, sanduku la kioo lenye fremu ya alumini. Zamani Mama mdogo alikuwa akiuzia maandazi kwenye sanduku hilo. Sasa lilikuwa limezibwa viungo kwa gundi na fundi wa madirisha, limejazwa maji nusu, na ndani yake alikuwa akielea samaki mmoja mwenye rangi ya njano iliyokolea kuwa nyekundu kwenye mgongo, rangi ileile ya bibo lililoiva likiwa bado linaning'inia na korosho yake. Aliachwa na bwana mifugo mmoja aliyekuwa amepanga chumba cha uani kabla hajahamishwa. Alimwambia Baba mdogo, mpe yeyote anayemtaka. Baba mdogo hakumpa mtu. Alimpa jina.

Mama mdogo hakulisamehe lile jambo. "Sanduku langu la biashara limegeuzwa chumba cha kulala cha kitoweo," alikuwa akisema mbele ya wageni, na wageni walicheka, na Baba mdogo alicheka kuliko wote. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, kucha zimeingia weusi wa mafuta ya korosho usiotoka. Sisi alitusemesha Kiswahili. Bibo alimsemesha Kimwera. Kila asubuhi baada ya chai alisimama mbele ya kioo, akamenya punje ya mbaazi iliyochemshwa, akaisaga kati ya vidole viwili na kuidondosha majini, huku akimweleza mambo ambayo mimi, niliyekulia kwenye Kiswahili cha shule, nilishika nusu tu. Nilishika mvua, mpaka wa shamba, na jina la mtu fulani aliyemuudhi. Nilimwonea wivu yule samaki. Miezi mitano nilikuwa nimekaa katika nyumba ile, nikifagia, nikipika, nikiogopa kuulizwa, na yeye alikuwa amepewa habari za shamba lote.

Ilipofika mwezi wa sita, dawa iliingia. Ni lazima nieleze hapa, kwa ajili ya wasomaji wangu wa mbali, kwamba kuanzia mwezi huo neno "dawa" huku kwetu huwa na maana moja. Ukikutana na mtu sokoni akakuuliza, "Vipi, dawa mmepata?" hana habari na afya yako. Anauliza salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho ili maua yasiungue na ukungu. Mifuko yake hupangwa barazani, ukumbini, hata chini ya vitanda, na nyumba nzima hunuka kama mtu anawasha kiberiti kila saa. Kwetu mifuko minane ilipangwa sebuleni, ukuta wa pili kutoka kwa Bibo. Siku ya kuondoka kwenda Lionja kwa upuliziaji wa awamu ya kwanza, Baba mdogo aliniita. Nilidhani nitapewa orodha ya kazi za nyumbani. Alisimama mbele ya sanduku, akakuna kidevu, akasema, "Huyu nakuachia wewe. Wiki mbili, labda na siku kadhaa. Asubuhi mbaazi moja. Maji utayapunguza na kuongeza." Kisha akatoka kwenda kufunga mashine ya kupulizia kwenye pikipiki. Ni hayo tu. Tangu matokeo yatoke, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuwekwa mikononi mwangu bila mtu kunitazama kwa wasiwasi.

Nilitaka kufanya vizuri kupita kiasi, na mabaya yote yaliingilia hapo. Baba mdogo alikuwa akichota maji ya Bibo kwenye pipa la nyuma ya nyumba, maji ya kisima yaliyokaa siku nyingi, yenye vumbi na viluwiluwi vinavyojikunja. Niliyatazama nikaona aibu kwa niaba yake. Nikasema moyoni, mimi nitampa maji safi. Jikoni kulikuwa na ndoo nyeupe yenye bomba, ndoo ya maji ya kunywa, ambayo Mama mdogo aliilinda kama amana. Tangu homa ya matumbo ilipopita mtaani kwetu wakati wa masika, hakuna aliyeruhusiwa kunywa maji mengine. Ukitaka kumheshimu mgeni, unamkingia kwenye ndoo ile. Basi kila jioni nilipunguza jagi mbili kwenye sanduku la Bibo na kuongeza jagi mbili kutoka ndoo ya kunywa, maji yanayong'aa, na nilijisikia mtu mwema.

Siku ya tatu Baba mdogo alipiga simu. Lionja mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na sauti yake ilikuja ikikatika, mashine ikiunguruma nyuma yake.

"Anaendeleaje?"

"Yupo, Baba mdogo. Amekula."

"Sasa sikiliza, nilisahau. Maji yake yasiwe na dawa. Umenielewa? Dawa kwake ni sumu."

"Nimekuelewa. Dawa haitamfikia."

"Hata kidogo!"

"Hata kidogo, Baba mdogo."

Simu ikakatika. Niligeuka nikaitazama mifuko minane ya salfa. Bila kupoteza muda nilimwita Hadija, tukaiburuta mifuko mmoja mmoja hadi ukumbini, tukapiga deki sebule mara mbili, kisha nikatafuta nailoni pana, nikalifunika sanduku juu na pembeni, nikaibana kwa vibanio vya nguo. Hadija, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na maneno yote ya Dar es Salaam aliyoyapata kwenye simu ya mama yake, alisimama mkono kiunoni. "Dada, hapo sasa umemfungia kama nyanya za kwenda mnadani." Nikamwambia anyamaze. Nikaongeza jagi mbili za maji ya kunywa.

Alianza kuumwa polepole. Kwanza alikaa juu, mdomo kwenye uso wa maji, akifunguafungua kama mtu anayetaka kusema neno akalisahau. Kisha mapezi yake, ambayo yalikuwa yakipepea kama ushungi wa hariri, yakajifunga ubavuni. Mashavu yakawa mekundu ndani. Ngozi ikapata utando mweupe, mwembamba, na ukingo wa mkia ukaanza kunyofoka nyuzi nyuzi. Nilikuwa natazama, naandika kwenye daftari langu la zamani la Baiolojia, somo nililokuwa nimepata F: asubuhi hajala, mchana ametembea kidogo, jioni nimebadilisha maji, asubuhi yuko chini. Leo nikilisoma daftari lile, jibu limo, limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe. Mchana alikuwa na nafuu, na baada ya maji mapya alizidiwa. Lakini nilisoma kinyume. Niliona mchana ana nafuu kwa sababu jana jioni nilimbadilishia maji, na asubuhi ana hali mbaya kwa sababu yale maji yamechakaa. Nikaongeza kutoka jagi mbili hadi nne.

Nilikwenda duka la pembejeo karibu na stendi, nimevaa baibui la kutokea kama mtu anayekwenda hospitali. Ndani kulikuwa na wakulima watatu wakisubiri vipuri vya mashine. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo. Naomba dawa ya samaki."

"Marahaba, binti. Samaki wa bwawani?"

"Wa sebuleni."

Wakulima walipasuka. Mmoja akasema, "Huyo mtie ndimu na pilipili, ukimgeuza upande wa pili atakuwa amepona kabisa." Mwingine akauliza kama analala kwenye chandarua. Nilihisi joto hadi masikioni, lakini sikuondoka, na hilo nalikumbuka kwa fahari mpaka leo. Nilieleza kila dalili, moja baada ya nyingine, na yule mzee wa duka akavua miwani, akaacha kucheka.

"Maji unayomwekea yana dawa?"

"Hayana kabisa. Nimefunika kwa nailoni, nimehamisha mifuko yote."

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Yeye pia alikuwa mtu wa Nachingwea na ulikuwa mwezi wa saba. Aliposikia mifuko, aliona mifuko. "Basi mpe chumvi," alisema. "Ile ya mawe. Kijiko cha chai kwenye ndoo ndogo. Sina cha kukuuzia, nenda jikoni kwenu." Watu wawili wenye akili timamu walikuwa wamenigusia jambo sahihi, na mara zote mbili nililijibu kwa unyoofu, na mara zote mbili samaki aliendelea kufa.

Adhuhuri ile nilipokuwa napita dirisha la jikoni nikiwa na chumvi mkononi, nilimsikia Mama mdogo akiongea na jirani yetu Mama Rehema, wakichambua mbaazi. "Yule samaki hafiki Ijumaa," alisema. "Mussa akirudi sijui tutamwambia nini. Lakini mtoto mwenyewe ndiye huyo. Kila anachoshika kinamfia mkononi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na Mama Rehema akaitikia "Mh," na mbaazi zikaendelea kudondoka kwenye ungo. Nimeandika vitabu viwili tangu wakati huo, nimesomewa tathmini kali mbele ya ukumbi uliojaa watu wanaojua kuandika kuliko mimi, na sijapata kusikia sentensi iliyonikaa kifuani kama ile. Nilisimama pale dirishani mpaka chumvi ikaanza kulowana kiganjani. Nilijua kabisa ninachopigania. Bibo akifa, Mama mdogo atakuwa amesema kweli, na mimi nitaiamini kweli hiyo maisha yangu yote.

Chumvi ilimsaidia siku moja. Alifungua pezi moja, akaigusa punje ya mbaazi na kuiacha. Kesho yake alikuwa amelala ubavu kwenye kona, jicho moja juu, akipumua kwa kusita. Saa nne asubuhi nikaona nisisubiri jioni. Nikachukua jagi, nikaingia jikoni, nikafungua bomba la ndoo nyeupe. Yalitoka matone, yakakauka.

"Hadija!" Mama mdogo aliingia kutoka uani, mikono imejaa povu. "Nani anamaliza maji kwenye hii ndoo? Kila siku najaza! Maji nimeyatia dawa kwa ajili ya kunywa, siyo kuoshea miguu. Vidonge vyenyewe vimebaki viwili!"

"Siyo mimi, mama!" Hadija alipiga kelele kutoka chumbani. "Muulize dada!"

Nilikuwa nimeshika jagi. Kila siku nilikuwa nimemwona akidondosha kidonge cheupe ndani ya ndoo ile, nikasikia harufu yake hafifu ya nguo zilizofuliwa kwa jiki, na sote ndani ya nyumba tuliyaita maji ya kunywa, basi. Sikuwahi kusikia neno jingine juu ya maji yale. Sasa nililisikia, na nikasikia tena sauti ya Baba mdogo juu ya kichuguu, na swali la mzee wa duka. "Mama mdogo," nilisema, "ni mimi. Nampa Bibo. Nampa dawa tangu siku ya kwanza."

Alinitazama bila kuelewa. Nikamweleza mbiombio, simu, salfa, nailoni, jagi nne. Nilitegemea anigombeze, ama aseme ile sentensi yake usoni pangu. Alifuta povu kwenye kanga. "Ile dawa inaua wadudu," alisema polepole, kama anafanya hesabu. "Na yeye ukimtazama vizuri ni mdudu mkubwa tu." Akaenda nyuma kuchungulia pipa. Lilikuwa kavu, maji yote alikuwa amefulia yeye asubuhi ile. Akarudi, akachukua ndoo tupu, akajikunjia kata ya kanga kichwani. "Wewe kaa naye. Hadija, toa hayo manailoni, mtu anaumwa mnamnyima hewa!" Akateremka mwenyewe kuelekea kisima cha bondeni, mwanamke yuleyule aliyekuwa akimwita Bibo kitoweo, na kwa jinsi alivyokuwa akitembea, majirani wawili walitoka kuuliza kama kuna msiba.

Aliporudi, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyochujwa. "Yana udongo kidogo," alisema, akihema. "Ndiyo anayoyataka," nilimjibu, na ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile kusema jambo kwa uhakika. Tuliyaacha kwenye ndoo juani yapate joto la sanduku, tukayachuja kwa kitambaa, tukayabadilisha kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, kwa sababu nilifikiri mtu aliyeungua hamwagiwi ndoo nzima. Mama mdogo alichota, mimi nilimimina, Hadija alihesabu pumzi zake kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Siku hiyo hatukupika mchana. Tulikula mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, tumekaa sakafuni mbele ya kioo, sahani mapajani, na hakuna aliyelalamika.

Kesho yake alikuwa amesimama wima. Siku ya pili alitembea urefu wa sanduku, akagonga kioo, akageuka. Siku ya nne nilidondosha nusu ya mbaazi na akaipokea njiani kabla haijafika chini. Mama mdogo, aliyekuwa mlangoni akijifanya anatafuta ufagio, alisema, "Angalia ulafi huo," akaondoka akiimba. Mkia haukurudi wote. Upande wa chini ulibaki umemeguka, kama ukingo wa kanga ya zamani, na ulibaki hivyo miaka yote aliyoishi.

Baba mdogo alirudi Jumapili, wa njano kuanzia kope hadi kandambili. Alisimama nje ya kizingiti, akanyoosha shingo kutazama ndani, lakini hakuingia mpaka alipooga mara mbili na kubadili nguo zote. Kisha akaja, akainama mbele ya kioo. Aliuona mkia. Mimi sikungoja aulize. Nilisimama ubavuni pake, nikamweleza yote, hata jagi nne, hata daftari nililolisoma kinyume. Nilisema, "Niliyemuumiza ni mimi, na niliyemtibu ni mimi na Mama mdogo." Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Bibo alikuja mbele na kurudi.

"Bwana mifugo aliponiachia," alisema hatimaye, "siku ya kwanza nilimpa uji."

"Uji?"

"Wa ulezi. Na sukari." Akajikuna kidevu. "Sanduku zima lilikuwa kama kikombe. Usimwambie mama yako mdogo."

"Nimesikia!" Mama mdogo aliita kutoka jikoni. "Na sufuria yangu iliungua siku ile, nikadanganywa kwamba uji ulikuwa wa mgonjwa wa jirani!"

Tulicheka mpaka Baba mdogo akakaa chini. Wakati wa chai ya jioni alinitaka nimwoneshe lile daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akifuata mistari kwa kidole, yeye ambaye shule aliiacha darasa la nne, na alipofika mwisho akauliza kama ninaweza kumwandikia hivyohivyo habari za mikorosho, mti kwa mti, nini kimepulizwa na nini kimetoka. Nilimwambia ninaweza. Mwaka uliofuata nilirudia mtihani. Mambo ya baadaye nimeyaandika kwingine, na baadhi yake mmeyasoma.

Lakini ninachotaka kibaki kwenye sura hii ni asubuhi moja, wiki tatu baada ya pale. Upuliziaji wa awamu ya pili ulikuwa umefika. Pikipiki ilikuwa nje, mashine imefungwa, na Baba mdogo alisimama mbele ya sanduku akimaliza mazungumzo yake ya Kimwera. Nilikuja nikasimama karibu, mikono nyuma, kusubiri maelekezo. Alivaa kofia yake, akanipita, akafika mlangoni. "Haya," alisema, "mimi natangulia Lionja." Nikangoja. Pikipiki ikawaka, ikakata kona ya msikiti, na wiki mbili nzima hakupiga simu hata mara moja kumuulizia Bibo.